Kapu la joto: namna ya kuivisha maharage bila kumaliza mkaa

Kapu la joto ni kapu lenye mito ya kuzuia joto: sufuria ikishachemka unaiepua, unaifungia humo, na chakula kinamalizia kuiva kwa joto lake chenyewe. Kila anayeliona kapu hili jikoni kwangu huuliza maswali yaleyale. Maharage yataivaje bila moto? Hayatachacha? Ndani umejaza nini? Na aliyekwisha kujaribu ana lake: mbona langu limetoa maharage magumu? Nimeyaweka majibu hapa kwa mpangilio, kuanzia kutengeneza kapu hadi kulitumia, ili anayetaka kuanza aloweke maharage leo usiku na kesho apike.

Nimewalenga zaidi wanaopikia mkaa, kwa sababu huko ndiko upotevu ulikozidi. Anayepikia gesi, umeme au kuni afuate hatua hizihizi. Sufuria ikishachemka, kapu halijali imechemshwa na nini.

Mkaa unaishia wapi

Maelezo kidogo kabla ya kazi, maana asiyejua mkaa wake unapotelea wapi ataruka hatua zilizo muhimu.

Sehemu kubwa ya mkaa unaouzwa Dar es Salaam hutoka kwenye misitu ya miombo na vichaka vya Pwani, Morogoro, Tanga na Lindi. Mchomaji hupanga magogo, huyafunika kwa nyasi na udongo, kisha huyaacha yaungue taratibu kwa siku kadhaa. Kwa tanuri la namna hiyo, kilo 1 ya mkaa hutokana na kilo 5 hadi 10 za mti. Mashamba mapya ndiyo yanayofyeka msitu mwingi zaidi, lakini shamba na mkaa mara nyingi hufuatana palepale, na mkaa hufika hata kule ambako hakuna anayelima. Serikali ya Tanzania imekuwa ikitaja zaidi ya hekta 460,000 za misitu zinazopotea kila mwaka.

Sasa turudi jikoni. Ukibandika sufuria ya maharage, kazi ya kwanza ya moto ni kuyafikisha maji kwenye kuchemka. Baada ya hapo joto la maji halipandi tena. Yakifika nyuzi 100 (Mbeya, Njombe na Nairobi ni kati ya 93 na 95 kwa sababu ya mwinuko) yatabaki hapohapo hata ukilipepea jiko hadi liwe jekundu. Moto unaozidi hauharakishi maharage, unageuza maji kuwa mvuke tu. Na mvuke ni ghali: kuigeuza lita 1 ya maji kuwa mvuke kunakula joto takriban mara 7 ya lile lililoichemsha lita hiyohiyo ikiwa imetoka bombani. Kwa jiko la mkaa la kawaida, hiyo ni robo kilo ya mkaa au zaidi, yaani kilo moja na kitu hadi mbili na nusu za mti uliokuwa umesimama Kisarawe au Kilosa.

Ndiyo maana humwambia mtu ahesabu vikombe vya maji anavyoongeza. Kila kikombe unachoongeza kwenye maharage yanayochemka ni mkaa uliokwisha kuondoka na mvuke bila kuivisha kitu. Kipimo hiki hakihitaji mizani, na utashangaa.

Maharage yanahitaji kukaa kwenye joto kali muda mrefu, na joto lenyewe limeshaingia sufuriani. Lililobaki ni kulizuia lisitoke. Kapu linafanya kazi kama hotpoti ya chapati: halitengenezi joto, linalifungia ndani.

Najua kuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo jema na nalitamani litimie. Lakini leo jioni nyumba nyingi zitawasha mkaa, kwa sababu mkaa unanunulika kwa kopo na mtungi wa gesi unataka fedha ya mkupuo. Kapu linamsaidia mtu huyu leo, na siku atakaponunua mtungi litamsaidia kuufanya ukae muda mrefu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kapu la ukindu, tenga, boksi gumu au ndoo pana. Chochote kigumu kinachoizidi sufuria kwa kiganja kizima kila upande.
- Kijazio kikavu chenye hewa ndani: sufi, blanketi kuukuu, nguo chakavu za kufuma, vipande vya godoro la sponji, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, majani makavu ya mgomba au pumba za mpunga.
- Kitambaa cha pamba kisichopitisha kijazio: shuka la zamani, kanga iliyochoka, au marekani.
- Sindano kubwa na uzi.
- Sufuria yenye mfuniko unaokaa vizuri. Sufuria zetu zisizo na mpini zinafaa kuliko zile za mpini mrefu, maana mpini huacha tundu la kutolea joto.
- Jiko la mkaa, likiwa lile la udongo ndani ni bora zaidi.
- Kopo au debe la chuma lenye mfuniko wa kubana, la kuzimia mkaa. Usilisahau hili.
- Ngata, au kitambaa kinene cha kuwekea sufuria ikitoka motoni.

Kuhusu kijazio nina la kusema. Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi, si uzito wa kitu. Kwa hiyo usishindilie. Mwenye msufi karibu ana bahati, kwa sababu sufi ni nyepesi, ina hewa nyingi, na kwenye miji mingi ya pwani bado utaona maganda yake yamepasuka chini ya mti na hakuna anayeokota. Blanketi la sufu linafuata. Sponji ya godoro inafaa, ila isiguse sufuria moja kwa moja, ifunikwe kwanza kwa kitambaa kinene. Pumba za mpunga ni bure kwenye mashine za kukoboa, lakini zinahitaji tabaka nene zaidi na kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Povu la friji bovu liache kabisa, linatoa vumbi na si la kukaa karibu na chakula.

Sehemu ya kwanza: kutengeneza kapu

1. Pima. Weka sufuria utakayoitumia mara nyingi katikati ya kapu tupu. Kati ya sufuria na ukuta wa kapu ipite sentimita 10, upana wa kiganja chako ukiwa na dole gumba. Chini pia zibaki sentimita 10. Kapu likiwa dogo tafuta lingine, usipunguze kijazio.

2. Shona mto wa chini. Kata vitambaa viwili vya duara sawa na kitako cha kapu, shona pembeni, jaza, funga. Uwe umetuna lakini ukiubonyeza unarudi.

3. Shona mto wa pembeni. Huu ni mfuko mrefu mmoja unaozunguka sufuria mara moja. Urefu wake upimie kwa kamba ukizungusha ndani ya kapu. Kimo chake kifike juu ya ukingo wa sufuria. Jaza, kisha piga mishono michache ya kukata katikati ili kijazio kisiteremke chote chini. Wengi hurukia hatua inayofuata bila mishono hii, na baada ya wiki kadhaa nusu ya juu ya kapu inakuwa kitambaa kitupu.

4. Ingiza mito na ujaribishe sufuria. Iingie kwa kubana kidogo. Ukiona mwanya kati ya sufuria na mto, ongeza kijazio au sokomeza kanga.

5. Shona mto wa juu. Huu ndio uwe mnene kuliko yote, maana joto hupanda. Uwe mpana kuliko mdomo wa kapu ili pembe zake ziingie ndani na kuziba. Kama una muda wa kushona mto mmoja tu vizuri, shona huu, kwingine funga mablanketi.

6. Lijaribu kwa maji kabla ya kuliamini na chakula. Jaza sufuria maji karibu na juu, chemsha, funika, weka kapuni, ziba. Baada ya saa 3 fungua na ushike mfuniko wa chuma kwa vidole vikavu. Kama huwezi kuushika ukahesabu hadi tano, kapu ni zima. Kama unaushika kwa raha, joto linavuja. Tafuta mwanya, na aghalabu utaukuta juu.

Asiye na muda wa kushona asikwame hapo. Boksi, mablanketi mawili mazito na mto wa kulalia vinatosha kwa jaribio la kwanza. Shona ukishaona faida.

Sehemu ya pili: kupika maharage

Vipimo vifuatavyo ni vya nusu kilo ya maharage makavu na sufuria ya lita 3.

1. Loweka usiku. Chambua mawe na yaliyotobolewa na wadudu, osha, mimina maji mara tatu ya maharage, yaache saa 8 hadi 12. Kwa joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa usizidishe, yataanza kutoa mapovu na harufu ya kuchacha. Ukiloweka saa 4 usiku, saa 12 asubuhi yako tayari.

2. Mwaga maji ya kulowekea, suuza, weka maji mapya. Yapande juu ya maharage kwa vidole viwili tu. Mazoea yatakusukuma uongeze. Jizuie, maana safari hii maji hayatapotea. Sufuria ijae angalau theluthi mbili. Sufuria yenye chakula kidogo chini hupoa haraka, na ndiyo sababu moja kubwa ya watu kulikataa kapu siku ya kwanza.

Nyanya, ndimu na ukwaju visubiri. Uchachu huzuia maharage kulainika. Chumvi haina neno.

3. Washa jiko nje au mahali penye hewa ya kutosha. Anzia kwa kifuu, vijiti vikavu au karatasi. Usiwashie mifuko ya plastiki. Moshi wake una sumu na unaupumua wewe na mtoto uliyembeba mgongoni. Weka mkaa wa kutosha kuchemsha, si wa kupikia asubuhi nzima. Mlango wa jiko uache wazi, kwa kuwa hapa tunataka moto mkali wa muda mfupi.

Na hili nalisema kwa uzito wake: jiko la mkaa lisiingie chumbani na milango ikafungwa, hata mvua ikinyesha, hata mkaa ukiwa umeshakuwa makaa mekundu yasiyotoa moshi. Hewa ya kaboni monoksidi inayotoka haina rangi wala harufu, na inaua watu usingizini.

4. Chemsha kwa nguvu kwa dakika 20. Dakika zinahesabiwa tangu maji yalipoanza kutibuka, si tangu ulipobandika. Engua povu, kisha funika.

Hatua hii haikatwi hata kama mkaa umebaki kidogo. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha. Kuchemka kwa nguvu huiondoa: Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 10, nami naweka 20 ili joto liingie hadi katikati ya punje. Joto la chini ya kuchemka haliiondoi vizuri, kwa hiyo maharage yasiyochemshwa sawasawa yakaingizwa kapuni ni hatari. Yatalainika mdomoni na bado yatakuumiza.

5. Sogeza kapu karibu na jiko wakati bado linachemka, mto wa juu ukiwa mkononi. Kutoka jikoni hadi kapuni iwe hatua tatu. Ukiepua kisha ndipo utafute blanketi chumbani, umepoteza nyuzi nyingi bure. Dakika ya mwisho usifunue kabisa, ili mvuke uupashe mfuniko.

6. Epua na ukague kitako. Weka sufuria kwenye ngata, inamisha kidogo, tazama chini. Punje ndogo ya kaa jekundu iliyonata kwenye masizi inatosha kuunguza kitambaa polepole na kukuletea moto baada ya saa nzima, ukiwa umeshaondoka. Futa kwa kitambaa kikavu. Usiruke hata siku moja.

7. Iingize, bana mto wa juu, pembe zote ndani. Andika saa kwa chaki ukutani au kwenye simu.

8. Zima moto. Hapa ndipo mkaa unapookolewa au unapopotea. Wengi wanaepua maharage kwa furaha, wanaliacha jiko likiwaka lenyewe hadi majivu, kisha wanasema kapu halipunguzi chochote. Una njia mbili. Kama kuna kitu kingine cha kupika, kibandike papo hapo: chai, mboga ya majani, maji ya kuoga ya watoto. Kama hakuna, chukua makaa kwa koleo uyatie kwenye kopo la chuma na ufunike kwa kubana. Yakikosa hewa yanazima, na kesho yanawaka kwa urahisi kuliko mkaa mpya. Usimwage maji juu yake. Utapata mkaa wa maji, na udongo wa jiko utapasuka. Kopo likae nje, juu ya udongo au sementi, mbali na watoto, na lisifunguliwe hadi lipoe kabisa, maana kaa lililo hai likipata hewa huamka.

9. Ondoka kwa saa 3. Nenda sokoni, fua, lala. Usifungue.

Bibi yangu alipokuja kunitembelea alikuwa akipita na kuweka kiganja juu ya mto. "Mjukuu wangu, humu hakuna moto." "Hakuna, bibi. Tusubiri adhuhuri." "Basi nichungulie kidogo tu." Alichungulia, mvuke ukapaa hadi darini, na maharage yale tuliyarudisha jikoni kumalizia. Mvuke uliopaa ndio uliokuwa ukipika. Mtu akichungulia katikati, rudisha sufuria motoni ichemke tena kwa dakika 5, kisha anza kuhesabu upya.

10. Fungua na upime punje. Funua ukielekeza mfuniko mbali na uso. Bonyeza punje kati ya ulimi na kaakaa. Ikipondeka bila nguvu, yameiva. Kama kuna kiini kigumu, chemsha dakika 10 urudishe kapuni kwa saa nyingine.

11. Unga. Yachemshe tena kwa nguvu, weka kitunguu, nyanya, na tui mwishoni. Kuchemsha huku si kwa ajili ya ladha pekee. Chakula kinachoshuka chini ya nyuzi 60 kinaanza kuwafaa vijidudu, na kuchemsha tena ndiyo kinga.

Ukijumlisha, moto umewaka kwa kuchemsha na kuunga tu. Zile saa mbili za katikati, ambapo ungekaa na pepeo mkononi ukiongeza mkaa na maji, hazipo tena.

Vyakula vingine

Wali ndio rahisi kuliko vyote na ningemshauri mtu aanzie hapo. Punguza maji kwa takriban robo ya yale uliyozoea, chemsha dakika 5, kapuni dakika 45 hadi saa moja. Hauungui wala haupati ukoko, jambo ambalo wapenda ukoko watalilalamikia. Wali uliwe ukitoka, usikae kapuni hadi usiku.

Makande yanataka subira. Tumia mahindi yaliyokobolewa na uyaloweke pamoja na maharage. Chemsha dakika 40, kapuni saa 3, chemsha tena dakika 10, rudisha saa 2. Hapa kapu linaokoa mkaa kuliko kwenye chakula kingine chochote, kwa sababu hakuna chakula cha nyumbani kinachokaa motoni muda mrefu kama makande.

Supu ya nyama ya mifupa: chemsha nusu saa nzima ili joto lifike ndani ya mfupa, kapuni saa 3, kisha chemsha tena kabla ya kunywa. Ndizi za kupika, dakika 10 na saa moja. Viazi vilivyokatwa, dakika 7 na dakika 45.

Ugali haufai, unataka mkono na moto. Chapati, maandazi na vya kukaanga vyote havifai.

Mwenye mfululizo mzuri huwasha jiko mara moja tu: maharage yanatangulia kuchemka na kuingia kapuni, wali unafuata kwenye boksi la pili, chai inamalizia makaa yanayofifia. Nawajua mama lishe wanaofanya hivi katikati ya asubuhi na kufungua vyote adhuhuri, madereva wa bodaboda wakiwa wameshakaa kwenye benchi.

Likikusumbua

Maharage magumu, lakini sufuria bado moto sana. Kosa si la kapu. Huenda maharage ni ya zamani. Yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu hugoma kulainika hata kwa moto wa kutwa. Nunua ya msimu mpya, yenye ngozi inayong'aa. Sababu nyingine ni maji ya kisima. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji magumu yenye chokaa, nayo huzuia maharage kuiva. Loweka na upike kwa maji ya bomba au ya mvua uone tofauti. Magadi huyalainisha haraka, lakini huua vitamini B1 iliyomo, kwa hiyo yasiwe kimbilio la kila siku.

Maharage magumu, na sufuria ni vuguvugu. Joto limevuja. Angalia kwa mpangilio huu: mto wa juu, sufuria isiyojaa, mfuniko usiokaa, kijazio kilichoshuka. Ukikuta chakula ni vuguvugu na hujui kimekuwa hivyo kwa muda gani, hasa nyama au chenye nazi, usikionje. Kimwage.

Uko Mbeya, Njombe, Arusha au nyanda za juu za Kenya. Maji yanachemka kwenye joto dogo, na hewa ya nje ni baridi. Ongeza dakika 10 za kuchemsha na saa moja ya kapuni, na mto wa juu uwe maradufu. Wa Njombe wenye mablanketi mazito wanaweza kulifunika kapu zima.

Chakula kina majimaji mno. Umeweka maji kwa kipimo cha zamani. Wakati ujao punguza, na kwa leo chota mchuzi uuhifadhi kwa ajili ya mboga.

Chakula kimechacha. Kimekaa mno. Kapu si friji, na kulala na chakula ndani ni kukitengenezea vijidudu kitanda. Saa 4 ndio mwisho wangu kabla ya kukichemsha tena.

Huoni mkaa ukipungua. Weka mkaa wa wiki moja kwenye ndoo yake peke yake, upike kama ulivyozoea, uchore mstari ulipofikia. Wiki inayofuata jaza kiasi kilekile, upike vyakula vilevile kwa kapu. Kama mistari inalingana, rudi hatua ya 8: moto unaachwa ukiwaka.

Mito inanuka au imelowa. Mvuke umeingia, na kijazio kilicholowa hakizuii joto tena. Toa mito yote uianike juani hadi ikauke ndani, si juu tu. Sufi ipukuchue kwa vidole itune upya. Tangu hapo weka kitambaa chepesi kikavu kati ya mfuniko na mto wa juu, ukibadilishe kila unapopika, na kapu likiwa tupu liache wazi.